Sura ya Saba: Rauta Tisa, Hewa Moja

Niliwasha simu kabla sijateremsha begi begani. Ni tabia ya kazi: fundi wa mtandao akiingia mahali huangalia kwanza orodha ya waifai, kama fundi ujenzi anavyoangalia nyufa za ukuta. Gesti ile ya Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, ilikuwa na vyumba 26 katika majengo matatu, pamoja na baa na ukumbi wa chakula. Kwenye simu yangu yalijitokeza majina tisa. Mapokezi. Mapokezi 2. Baa. Block B. Block B Mpya. Ofisi Tu. Mengine matatu yalikuwa bado na majina ya kiwandani, herufi na tarakimu zisizosomeka.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia mwenye gesti kwa Kisukuma; mayu ni mama.

"Mwangaluka, mwanangu. Pole na safari." Hakungoja nikae. "Intaneti nalipia kila mwezi, sijawahi kuchelewa hata siku moja. Lakini mgeni wa chumba namba 18 asubuhi ananiambia, mama, waifai yako imejaa mistari yote ila haifunguki. Wengine wanarudi kwenye bando zao. Sasa mimi nalipia nini?"

Nilipima laini yake pale inapoingilia, kwenye rauta ya mapokezi, nikaikuta nzima. Kasi aliyouziwa ndiyo iliyokuwa ikifika. Tatizo lilikuwa kati ya ukuta wa mapokezi na simu ya mgeni, yaani katika hewa, na hewa ya gesti ile ilikuwa na mabwana tisa wasiofahamiana.

Hapa niweke maneno sawa. Kile kifaa cha mviringo kinachobandikwa darini kikarusha waifai, mafundi hukiita akses pointi; mimi nitakiita pointi. Rauta ni kitu kingine. Rauta ndiyo mlango kati ya nyumba yako na intaneti: hugawa anwani kwa kila simu na kuamua kipi kipite na kipi kisipite. Rauta ya bei nafuu ya dukani ina vyote viwili ndani ya boksi moja, ndiyo maana wengi hudhani ni kitu kimoja. Kwa nyumba ya vyumba vitatu dhana hiyo haina madhara. Kwa gesti ya vyumba 26, au shule, au zahanati, au ghala lenye ofisi mbele, ndiyo chanzo cha taabu zote.

Mayu hakuwa mzembe. Mtandao wake ulikua kama mji wenyewe ulivyokua. Bulyanhulu ilianza uzalishaji mwaka 2001, na Bugarama na Kakola zikajaa watu wanaohitaji kulala, kula na kupiga simu nyumbani. Machi 2017 serikali ilipozuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje, mgodi ukapunguza kazi, wafanyakazi wakapunguzwa, na vyumba vikakaa vitupu. Kisha yakaja makubaliano ya kampuni ya madini ya Barrick na serikali, kampuni ya Twiga ikaundwa, kazi za chini ya ardhi zikarejea na wageni nao wakarejea. Mwenye gesti wa mji wa namna hii hajengi kwa mpango wa miaka 10. Hujenga fedha ikipatikana. Kila jengo lilipokamilika alinunua rauta, na kila mgeni alipolalamika alinunua nyingine. Fundi aliyeitwa alichomeka, akajaribu kwenye simu yake, ikafunguka, akalipwa, akaondoka. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa kuhusu rauta nyingine.

Msomaji aliyewahi kuhudhuria sherehe za Bulabo pale Bujora, karibu na Mwanza, atalielewa tatizo hili kuliko mhandisi wa mjini. Ngoma za Wasukuma zina pande mbili za tangu zamani, Bagika na Bagalu. Wanaposhindana, hawasubiriani. Wanacheza wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake, nyimbo zake na manju wake anayeziongoza, na watazamaji huhama kwa miguu yao kwenda upande unaowavutia. Anayekusanya umati mkubwa ndiye mshindi. Katika mashindano, uzuri wote uko hapo. Lakini hebu simama katikati ya uwanja ujaribu kusikiliza maneno ya wimbo mmoja mpaka mwisho. Simu ya mgeni wa chumba namba 18 ilikuwa imesimama pale katikati, na ngoma hazikuwa mbili bali tisa.

Waifai ni redio. Vifaa viwili vikizungumza kwa pamoja kwenye chaneli moja, maneno hugongana na hakuna anayeelewa. Jambo hili lilijulikana kabla waifai haijazaliwa. Mwaka 1971 huko Hawaii, Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu waliwasha ALOHAnet, mtandao uliounganisha visiwa kwa redio. Kila kituo kilirusha ujumbe wake wakati wowote kilipotaka. Ukigongana na mwingine, kilisubiri kidogo kikarudia. Hesabu zikaonyesha kwamba kwa utaratibu ule, hata mambo yakienda vizuri kabisa, kiasi kinachofika salama hakizidi takriban asilimia 18 ya uwezo wa chaneli. Kinachobaki huliwa na ukimya na migongano. Kanuni za waifai zilizotolewa mwaka 1997 zilirekebisha kasoro hiyo kwa adabu ya kawaida tu: sikiliza kwanza, kama kuna anayezungumza nyamaza, akimaliza subiri muda mfupi wa kubahatisha, ndipo useme.

Adabu hiyo inasaidia, lakini ina gharama yake. Pointi tano zikiwa chaneli moja na zinasikiana, zinagawana zamu. Hata kama kila moja imeandikwa kasi kubwa kwenye boksi lake, hewa ni ileile moja na anayezungumza kwa wakati mmoja ni mmoja. Zikiwa kwenye chaneli zilizokaribiana lakini si moja, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hapo hazielewani hata kwa kupeana zamu. Moja huisikia nyingine kama kelele tu na kuzungumza juu yake. Katika masafa ya gigahezi 2.4, chaneli zinazotumika sehemu nyingi za dunia ni 13, lakini zimebanana kama abiria wa hiace ya jioni. Ni tatu tu zinazoweza kufanya kazi bega kwa bega bila kugusana: 1, 6 na 11. Pale gestini, rauta sita kati ya tisa zilikuwa chaneli 6. Mbili zilikuwa 4 na 8, kwa hiyo zilizikanyaga zile sita kutoka pande zote mbili. Masafa ya gigahezi 5, yenye nafasi nyingi zaidi, yalikuwa kwenye rauta mbili tu.

Na zote tisa zilipaza sauti kwa nguvu zao zote. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni kila ninapofundisha vijana: nguvu nyingi si waifai nzuri. Rauta inaweza kupiga kelele ikasikika mpaka kwa jirani, lakini simu ya mgeni ina antena ndogo na betri ndogo, na jibu lake halifiki. Mistari inajaa kwa sababu simu inaisikia rauta. Ukurasa haufunguki kwa sababu rauta haiisikii simu. Lile lalamiko la "imejaa ila haifunguki" si mgeni kukosa subira. Ni maelezo sahihi kabisa ya fizikia, na mhudumu wa mapokezi anayeyaandika kama yalivyosemwa humsaidia fundi kuliko yule anayeandika "mtandao mbovu".

Dawa yake ni manju mmoja.

Katika miaka ya mwanzo ya waifai, kila pointi ilijitegemea, na kampuni yenye pointi 50 ilimwajiri mtu wa kuzizungukia zote 50 na kuziweka sawa moja baada ya nyingine. Kisha zikaja kampuni zilizosema akili itolewe kwenye pointi iwekwe mahali pamoja. Airespace ilianzishwa Marekani mwaka 2001, na Cisco ikainunua mwaka 2005 kwa dola milioni 450. Aruba ikafuata mwaka 2002. Chombo walichokiuza kiliitwa kontrola. Pointi ikawa mdomo na masikio, kontrola ikawa kichwa. Mwaka 2006, kutokana na mradi wa wanafunzi wa chuo cha MIT wa kusambaza intaneti juu ya mapaa, ikazaliwa Meraki, iliyokitoa kichwa hicho ndani ya jengo na kukipeleka kwenye seva za mbali zinazofikiwa kwa intaneti. Cisco iliinunua nayo mwaka 2012 kwa dola bilioni 1.2. Ukitaka kujua thamani ya kuratibu kelele, tazama bei hizo.

Kontrola hufanya kazi ambayo hakuna rauta ya dukani inayoweza kuifanya peke yake: inaona picha nzima. Kila pointi husikiliza majirani zake na kuripoti: namsikia fulani kwa nguvu kiasi hiki, kwenye chaneli hii, na rauta ya duka la mbele ya barabara iko chaneli 11. Kontrola hukusanya ripoti hizo, ikagawa chaneli ili jirani na jirani wasikutane, ikapunguza sauti ya kila pointi mpaka ienee eneo lake tu. Jina la mtandao unalibadilisha mara moja, na pointi zote zinabadilika. Paswedi vivyo hivyo. Pointi ikizimika usiku, unaona kwenye skrini imekuwa nyekundu kabla mgeni hajaja mapokezi. Programu za ndani za pointi zinaposasishwa kuziba mianya ya usalama, unasasisha zote saa 10 alfajiri watu wakiwa wamelala. Mwaka 2017 mtafiti wa Ubelgiji, Mathy Vanhoef, alipoonyesha udhaifu katika WPA2, ulinzi uliokuwa ukitumika karibu kila mahali, wenye kontrola walikuwa na kazi ya jioni moja. Wenye rauta tisa za aina tisa walikuwa na kazi ambayo wengi wao hawakuifanya kamwe.

Kontrola ina sura tatu. Yaweza kuwa kiboksi kidogo kinachokaa ofisini, au programu kwenye kompyuta ya kawaida isiyozimwa, au akaunti kwenye seva ya mbali, ile watu wanayoiita wingu. Fundi atakutajia UniFi ya Ubiquiti, Omada ya TP-Link, au CAPsMAN iliyomo ndani ya rauta za MikroTik kutoka Latvia. Usigombane naye sana kuhusu jina. Gombana naye akitaka kuchanganya. Mwaka 2009 ilitolewa kanuni ya pamoja ya mazungumzo kati ya pointi na kontrola, ikaitwa CAPWAP, lakini watengenezaji hawakuifuata kiasi cha kuelewana wao kwa wao. Kwa kawaida pointi ya kampuni moja haitii kontrola ya kampuni nyingine. Ukianza na aina moja, ongeza aina hiyo hiyo.

Mimi kwa gesti ya Bugarama nilichagua kiboksi cha ofisini. Intaneti ikikatika, na hukatika, kontrola ya ndani bado inafikika, na fundi anaweza kuangalia kama tatizo liko ndani ya gesti au kwa mtoa huduma. Angekuwa na tawi Kahama na lingine Geita ningemshauri wingu, kwa sababu angeyaona matatu kwenye skrini moja bila kupanda gari. Ila kabla ya kulipia wingu, uliza swali moja: leseni ikiisha, pointi zitaendelea kurusha au zitanyamaza? Zipo zinazoendelea na zipo zinazonyamaza, na jibu liandikwe kwenye hati ya mauziano.

Kazi yenyewe ilituchukua siku nne, na sehemu kubwa ya siku hizo ilikwenda kwenye kebo. Hili watu hawalitegemei. Waifai nzuri hutengenezwa na waya. Kila pointi inataka kebo yake, isiyozidi mita 100, kutoka kwenye swichi, yaani boksi la kuunganishia kebo, na swichi ikiwa ya aina inayopitisha umeme ndani ya kebo hiyo hiyo huna haja ya soketi karibu na pointi. Hilo lilitupa uhuru wa kuhama. Mafundi waliotangulia walikuwa wamezificha rauta tatu juu ya siling'i ili zisiibwe, chini kabisa ya mabati. Bati ni kioo kwa mawimbi ya redio: huyarudisha. Na juu ya siling'i ya Shinyanga saa nane mchana, chombo chochote cha umeme kinapikwa. Tukazishusha, tukafunga pointi saba, zikatosha mahali ambapo rauta tisa zilishindwa. Kati ya jengo na jengo tulilaza faiba badala ya kebo ya shaba. Faiba haipitishi umeme, na huku Kanda ya Ziwa, ambako radi ni mgeni wa kila msimu wa mvua, kebo ya shaba iliyotambaa uani inaweza kuingiza pigo moja na kuua swichi mbili pamoja na kila kilichoungwa nazo. Swichi, rauta na kontrola viliwekwa kwenye betri ya akiba, maana umeme ukipepesa kidogo tu, vifaa hivi huchukua dakika kadhaa kuamka.

Majina tisa yakabaki mawili. Moja la wageni, moja la kazi. Kupunguza majina si urembo: kila jina hujitangaza hewani takriban mara 10 kwa sekunde, tena kwa mwendo wa taratibu ili hata simu kuukuu isikie, na matangazo hayo yanakula muda ambao mgeni angeutumia kumpigia mkewe simu ya video. Yale majina mawili yanapita kwenye kebo zilezile lakini kwenye njia zilizotenganishwa na swichi, hivi kwamba mgeni hawezi hata kuiona mashine ya risiti za EFD wala kompyuta ya mhasibu. Na printa ya mapokezi, iliyokuwa haionekani kutoka ofisini kwa sababu kila rauta ilijifanya mlango na kugawa anwani zake, ikaonekana.

Jambo moja kontrola haiwezi kuliamuru, na wauzaji hawapendi kulisema. Mgeni anapotoka baa kwenda chumbani, anayeamua lini aiache pointi ya baa na kushika ya chumbani ni simu yake. Mtazamaji wa Bulabo huhama kwa miguu yake mwenyewe. Simu za iPhone, kwa mfano, huanza kutafuta pointi nyingine pale kipimo cha usikivu kinaposhuka chini ya desibeli hasi 70. Simu nyingine hung'ang'ania pointi ya mbali mpaka sauti ikatike kabisa. Kontrola inaweza kuishauri simu tu: hapo ulipo kuna jirani anayesikika vizuri zaidi. Kanuni za ushauri huo zilitoka kati ya mwaka 2008 na 2011, na simu nyingi za sasa zinazielewa, ingawa si zote. Ndiyo sababu ya kupunguza sauti za pointi: pointi ya baa isipofika chumbani kwa nguvu, simu haina la kung'ang'ania.

Pale pale jirani, suala hili lina uzito mwingine kabisa. Bulyanhulu ni mgodi wa chini kwa chini, tofauti na Buzwagi ya Kahama iliyokuwa shimo la wazi. Mwamba unameza redio. Katika migodi ya chini ya ardhi duniani, waifai husafiri kufuata njia ya mgodi na hufa kwenye kona, kwa hiyo pointi hupangwa mfululizo kwenye kuta za njia, kila kona na yake. Mahali ambapo loda ya kuzoa mawe huendeshwa na mtu aliyekaa juu, mbali na mwamba unaoweza kuporomoka, mashine hiyo huhama kutoka pointi hadi pointi ikiwa katika mwendo. Mawasiliano yakikatika kidogo tu, mashine inasimama kwa ajili ya usalama, na uzalishaji unasimama nayo. Hakuna anayeshuka chini na laptopu kubadilisha chaneli za pointi moja moja. Kila kitu kinatoka juu, kwenye kontrola. Kwa mgeni wa chumba namba 18, mkatiko ni simu ya video inayoganda. Kule chini, kikundi kizima cha zamu kinasubiri.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike sura hii, nalo si chaneli wala nguvu.

Nilipomuuliza mayu paswedi za zile rauta tisa, alikuwa na mbili. Nyingine alikuwa nazo fundi aliyehamia Geita, na namba yake ya simu haikupatikana tena. Hakumwibia mtu. Hakuna aliyemwomba aziandike. Ilibidi nizifute zote kwa kubonyeza kitundu cha nyuma, moja baada ya nyingine, nikiwa juu ya ngazi. Kwa rauta tisa ni usumbufu wa asubuhi moja, kwa sababu ukipoteza ufunguo wa mojawapo umepoteza hiyo moja. Ukiwa na kontrola, ufunguo ni mmoja kwa mtandao mzima. Anayeushika anaweza kubadilisha paswedi za wageni, kuzima jengo, kuona simu zilizoungwa, na kumfungia nje mwenye mali. Kwa kawaida, pointi iliyokwisha kukabidhiwa kwa kontrola huikataa kontrola nyingine mpaka iachiliwe na ile ya kwanza au ifutwe kwa mkono.

Nilijifunza hili kwa kumuumiza mteja. Miaka ya nyuma, mjini Kahama, nilimfungulia mteja akaunti ya kontrola kwa barua pepe yangu mwenyewe kwa kuwa yake hakuikumbuka na mimi nilikuwa na haraka. Simu yangu ikaibiwa stendi. Ilinichukua wiki mbili kuipata tena akaunti ile, na katika wiki hizo mbili duka lake lilibadilisha wafanyakazi wawili ambao hakuweza kuwaondoa kwenye mtandao. Nilimwomba radhi, akanisamehe, lakini hajanipa kazi tena, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo pale Bugarama tulikaa mezani. Akaunti ya mmiliki ikafunguliwa kwa barua pepe ya mayu na namba yake ya simu. Mimi nikapewa akaunti yangu ya fundi, ambayo yeye anaweza kuifuta bila kuniuliza. Binti wa mapokezi akapewa ya tatu, inayoruhusu kuangalia na kutoa vocha za wageni, basi. Kontrola ikapangwa kujihifadhi kila wiki, na nakala ikawekwa kwenye flashi inayokaa kwenye kabati la fedha. Mchoro wa kebo, namba ya kila pointi na chumba ilipo, vikaandikwa kwenye daftari la kaunta kwa kalamu ya wino. Mayu aliuliza kwa nini tuandike kwa mkono vitu vilivyomo kwenye kompyuta. Nikamjibu kwamba siku kompyuta itakapoharibika ndiyo siku atakayovihitaji.

Kuna la sheria pia, na nitalitaja kwa ufupi. Vocha ya waifai ikimtaka mgeni aandike jina na namba ya simu, umeanza kukusanya taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuhusu. Usikusanye usichokihitaji. Na kama unafikiria kuuza waifai kwa watu wa mtaani badala ya wageni wako tu, nenda kwanza ukaulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuhusu leseni.

Siku ya nne jioni, kabla hajanilipa, nilimwomba mayu aingie kwenye kontrola kwa simu yake mwenyewe, kwa paswedi yake mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa mbali. Kisha binti wa mapokezi akaenda kuchomoa kebo ya pointi ya Block B. Baada ya muda mfupi ikawa nyekundu mkononi mwa mayu. Akachomeka, ikarudi kijani.

Nawe unayesoma hapa ukiwa na gesti, shule, zahanati au duka lenye pointi zaidi ya mbili, fanya jaribio hilo hilo mbele ya fundi wako. Ingia mwenyewe, chomoa moja, itazame ikizimika kwenye skrini yako, irudishe. Usitie saini na usimlipe malipo ya mwisho kabla hujaiona ikirudi kijani kwa akaunti iliyo kwa jina lako.